Kutoka Ofisini hadi Wodini: Waafrika Mashariki na Njia za Uuguzi Marekani

Katika nyumba nyingi za kulelea wazee, kuanzia Minneapolis hadi Dallas, kuanzia Worcester hadi Portland ya Maine, zamu ya usiku huzungumza Kiswahili. Anayemgeuza mzee kitandani kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda huenda alikuwa mhasibu Eldoret, mwalimu wa sekondari Arusha au karani wa benki Goma. Alifika kwa bahati nasibu ya viza, kwa ukimbizi, kwa ndoa au kwa masomo, akakuta shahada yake haina anayeiulizia. Kazi iliyompokea mara moja ilikuwa ya kuhudumia wagonjwa. Baada ya muda huanza kujiuliza: nikitaka kuwa muuguzi kamili, nianzie wapi?

Ushauri haukosekani. Binamu aliyetangulia atamwambia asome kwanza LPN, uuguzi wa ngazi iliyo chini ya muuguzi kamili, apate hela ya haraka. Muumini mwenzake atamsifia shahada ya mwaka mmoja. Mtu wa kundi la WhatsApp atamtumia jina la chuo ambacho, anasema, hakina usumbufu wa mtihani wa kuingilia. Kila mmoja anasimulia njia iliyomfaa yeye. Lakini njia hizi zinapishana kwa makumi ya maelfu ya dola, kwa miaka, na kwa jambo ambalo watu hulisahau wanaposhauriana: mtu anaweza kukaa bila mshahara kamili kwa muda gani huku kodi ya nyumba ikidaiwa na kule nyumbani wakisubiri karo? Hilo ndilo linalopaswa kuamua, kabla ya jina la chuo na kabla ya kasi.

Shabaha yenyewe ni moja. Marekani humtambua muuguzi kwa leseni, na leseni hutolewa na bodi ya uuguzi ya jimbo. Leseni ya muuguzi kamili, RN, hupatikana kwa kuhitimu chuo kilichoidhinishwa na bodi na kufaulu mtihani uitwao NCLEX-RN. Aliyesoma miaka miwili katika chuo cha jamii, aliyesoma minne chuo kikuu na aliyeingia moja kwa moja kwenye shahada ya uzamili, wote hufanya mtihani huohuo. Usajili wake ni dola 200, mbali na ada ya bodi. Kompyuta humwongezea mtahiniwa ugumu anapopatia na kumpunguzia anapokosea, kisha hufunga mtihani inapokuwa imekijua kiwango chake, pengine baada ya maswali 85, pengine baada ya 150, ndani ya saa tano. Tangu Aprili 2023 umeongezewa visa vya wagonjwa ambapo kukariri hakusaidii kitu; mtahiniwa anapewa chati, vipimo na malalamiko ya mgonjwa, kisha anaulizwa afanye nini kwanza. Mwaka huo, katika waliosomea Marekani na kujaribu kwa mara ya kwanza, karibu 89 katika kila 100 walifaulu.

Njia fupi ya miaka miwili ina historia yake. Mwaka 1951, Mildred Montag aliandika tasnifu katika Chuo Kikuu cha Columbia akipendekeza vyuo vya jamii vifunze wauguzi kwa muda mfupi, maana hospitali zilikuwa na uhaba mkubwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Majaribio yalianza 1952. Yeye alimfikiria muuguzi wa ngazi ya ufundi, anayefanya kazi chini ya yule wa chuo kikuu. Wahitimu wakaufanya mtihani uleule wa leseni, wakafaulu, na mpaka aliokusudia haukuwahi kuwekwa. Ndiyo maana hadi leo watu wawili wenye vyeti tofauti husimama wodi moja wakiwa na leseni moja.

Ngazi ya chini kabisa ni CNA, msaidizi wa muuguzi. Sheria ya nchi inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, 16 kati yake ziwe za vitendo. Majimbo mengine yameongeza saa hizo. Mtihani wake wa vitendo unaonekana mwepesi mpaka siku yenyewe. Mtahiniwa anabisha mlango, anajitambulisha, anavuta pazia, ananawa mikono kwa sekunde 20 bila kugusa kingo za sinki, anafanya kazi aliyopangiwa, labda kupima mapigo ya moyo au kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kiti cha magurudumu, na kabla ya kutoka anahakikisha kitanda kimeshushwa na kengele iko karibu na mkono wa mgonjwa. Akisahau kufunga breki za kiti, anaweza kuanguka hapohapo hata kama mengine yote aliyafanya vizuri.

Wengi hawajui kwamba mafunzo haya hayapaswi kuwatoa fedha. Kwa kanuni za serikali kuu, nyumba ya wazee inayopokea malipo ya bima za serikali, Medicare au Medicaid, hairuhusiwi kumtoza ada ya CNA mtu iliyemwajiri au kumwahidi kazi. Aliyejilipia mwenyewe akiajiriwa na nyumba ya aina hiyo ndani ya miezi 12 ana haki ya kurudishiwa. Inaumiza kuona mtu aliyefika juzi akikopa kwa jamaa ili alipie kitu ambacho mwajiri alipaswa kukigharimia.

CNA ni mlango mzuri. Mtu anaijua harufu ya kazi kabla ya kuinunua kwa ada ya chuo, anazoea Kiingereza cha wodini, na vyuo kadhaa humwongezea pointi za udahili. Ubaya wake ni ovataimu. Zamu mbili kwa siku hulipa bili zote na kubakiza cha kutuma nyumbani, miaka inapita, na mtu aliyekuja na shahada anajikuta amekaa muongo mzima katika kazi ya kunyanyua watu, mgongo umeanza kulalamika. Takwimu za serikali za Mei 2024 ziko wazi: mshahara wa kati wa CNA kwa mwaka haukufika dola 40,000, wa LPN ulikuwa 62,340, wa RN 93,600. Zamu za ziada zinaweza kuziba pengo hilo kwa muda, lakini zinalipwa kwa usingizi na afya.

LPN, ambayo Texas na California huiita LVN, husomwa kwa mwaka mmoja hivi na ina mtihani wake wa leseni. Mwenye nayo hutoa dawa, hufunga vidonda na huwa chini ya RN. Kwa mama anayelea watoto peke yake, ambaye hawezi kungoja miaka mitatu ili kipato kibadilike, ni uamuzi wa busara, na zipo programu za daraja zinazomvusha LPN hadi RN kwa muda uliopunguzwa. Lakini kwa mtu mwenye shahada tayari, anayesoma vizuri na aliye na mwenza anayefanya kazi, LPN mara nyingi huongeza safari. Anasoma mwaka, anafanya mtihani, anarudi kazini, kisha inambidi aombe nafasi upya, akamilishe masomo ya sayansi aliyoyaruka na ajiandae kwa mtihani wa pili wa leseni. Wengi hawarudi darasani. Hospitali kubwa nazo huajiri LPN wachache; ajira yao iko zaidi kwenye nyumba za wazee, kliniki na huduma za majumbani.

Njia ambayo ingewafaa wengi zaidi ni ile isiyo na matangazo barabarani: ADN, shahada ya miaka miwili ya chuo cha jamii. Wastani wa ada ya vyuo hivi kwa mkazi wa jimbo ulikuwa dola 4,050 kwa mwaka wa masomo 2024/2025. Miaka miwili hiyo huhesabiwa baada ya masomo ya msingi, kwa hiyo kwa kawaida safari nzima ni mitatu. Anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili, mikrobiolojia, kemia katika vyuo vingine, takwimu, saikolojia ya makuzi: haya husomwa kwanza, jioni au mtandaoni, moja au mawili kwa muhula, na hapa ndipo mtu wa kazi anaweza kwenda pole pole bila kuacha ajira. Alama zake ndizo zitakazompa au kumnyima nafasi, pamoja na mtihani wa kuingilia kama TEAS au HESI. C katika anatomia inatosha kufaulu somo, lakini mbele ya kamati yenye viti 60 na waombaji mara kadhaa ya hapo, haimfikishi mbali.

Uhaba wa viti si porojo. Mwaka 2023 programu za shahada na uzamili za uuguzi nchini Marekani zilikataa maombi 65,766 yaliyokuwa na sifa, kwa sababu ya upungufu wa wakufunzi, nafasi za mazoezi hospitalini na fedha. Nchi inayokadiria kuhitaji kujaza karibu nafasi 190,000 za RN kila mwaka hadi 2034 inawarudisha mlangoni watu walio tayari. Mwenye busara huomba vyuo vitatu au vinne.

Akishaingia, mambo hubadilika. Mazoezi ya wodini huanza alfajiri, mara nyingi saa kumi na mbili na nusu, siku mbili kwa wiki, na hayahamishiki kwa sababu ya zamu ya mtu. Kuna pia mtihani wa hesabu za dawa, ambao vyuo vingi hudai alama 90 au zaidi. Daktari ameagiza mililita 500 za dripu ziingie kwa saa nne, mpira unatoa matone 15 kwa mililita: matone mangapi kwa dakika? Mililita 500 mara 15 ni matone 7,500, gawa kwa dakika 240, yanakuwa 31. Mhasibu wa zamani hapo anatabasamu. Aliyekimbia hesabu tangu kidato cha pili anapaswa kujiandaa miezi kabla, maana kukosea sehemu ya desimali kwa mgonjwa halisi ni kumpa dozi mara kumi.

Hoja inayotolewa dhidi ya ADN ni kwamba hospitali zinataka BSN, shahada kamili ya miaka minne. Hoja hiyo ina uzito. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake uliochapishwa 2003 kuhusu hospitali za Pennsylvania ulionyesha kwamba pale ambapo sehemu ya wauguzi wenye shahada ilizidi kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 ulikuwa pungufu kwa asilimia 5. Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza asilimia 80 ya wauguzi wawe na shahada ifikapo 2020. New York ilipitisha sheria Desemba 2017 inayowataka RN wapya wapate BSN ndani ya miaka 10 ya leseni. Lakini sheria hiyo yenyewe inakubali kwamba mtu aanze kazi kwanza. RN mwenye ADN huimalizia BSN mtandaoni kwa mwaka mmoja au miwili akiwa kazini, na mwajiri anaweza kumlipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kiasi hicho kukatwa kodi. Katika miji mikubwa ambako hospitali za vyuo vikuu hukataa ADN waziwazi, muuguzi mpya huanzia hospitali ndogo ya pembeni au kituo cha ukarabati wa wagonjwa, kisha huhama akiwa na uzoefu.

Kwa aliye na shahada nyingine kuna ABSN, shahada ya haraka ya miezi 11 hadi 18. Inavutia, na kwa mtu sahihi ni bora kuliko zote. Mtu sahihi ni yule ambaye masomo yake ya sayansi yamekamilika na bado hayajachakaa (vyuo vingi hukataa yaliyosomwa zaidi ya miaka mitano au saba iliyopita), mwenye akiba au mwenza anayeweza kuubeba mzigo wa nyumba, na asiye na mtoto mchanga wa kukesha naye. Ada katika vyuo binafsi hufika dola 40,000 hadi 80,000, na vyuo vingi huwaambia wanafunzi wasifanye kazi kabisa. Anayejaribu kuichanganya na zamu za usiku anaweza kuondolewa kwa alama muhula wa pili, deni likiwa limeshaingia. Uzamili wa kuingia moja kwa moja ni mrefu zaidi na ghali zaidi. Na sheria iliyosainiwa Julai 2025 imefuta Grad PLUS, mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa uzamili, kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026, hivyo hesabu ya njia hiyo inahitaji kupigwa upya.

Jambo la fedha linalowaumiza wengi wetu ni ruzuku ya Pell, msaada wa serikali usiorudishwa ambao kiwango chake cha juu kimekuwa dola 7,395 kwa mwaka. Hutolewa kwa asiye na shahada. Na shahada ya Nairobi, Dar es Salaam au Lubumbashi nayo inahesabiwa, hata kama hakuna mwajiri wa Marekani aliyewahi kuithamini. Mtu anajaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo, anaulizwa kama ana shahada ya kwanza, na wapo wanaoshawishika kujibu hapana. Hilo ni tamko la uongo kwa serikali, na kwa mhamiaji madhara yake yanaweza kuvuka chumba cha mikopo. Mwenye shahada bado anaweza kupata mikopo ya serikali ikiwa ni raia, mwenye kadi ya kijani au mkimbizi aliyepokewa rasmi. Mwanafunzi wa viza ya F-1 hana hata hiyo, na kwake ada nafuu ya chuo cha jamii hupanda kwa sababu hatozwi kama mkazi.

Kwa upande mwingine, shahada ya zamani ina faida. Ikitathminiwa na shirika linalokubaliwa na chuo, huweza kumwondolea masomo ya jumla kama uandishi, historia na takwimu, akabaki na sayansi tu. Na kuhusu sayansi, Marekani inatoa nafasi ambayo nyumbani ni finyu. Tanzania, mwombaji wa stashahada ya uuguzi anatakiwa awe na angalau D nne za kidato cha nne, zikiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kenya, stashahada ya chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, KMTC, inadai wastani wa C katika mtihani wa sekondari, KCSE, na shahada ya chuo kikuu C+. Mwalimu wa historia wa Kitanzania wa miaka 40 aliyeacha Fizikia akiwa kidato cha pili lazima arudi kwenye mtihani wa sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea. Marekani hakuna anayemuuliza alipata nini akiwa na miaka 17. Anajisajili kwenye kemia ya mwanzo chuo cha jamii, akipata A, hiyo ndiyo alama yake.

Aliyekuwa muuguzi nyumbani asianze upya. Vyeti vyake huhakikiwa na shirika kama CGFNS, ambalo sasa linaitwa TruMerit, kisha bodi ya jimbo humruhusu kufanya NCLEX. Wapo wakunga wenye uzoefu mkubwa wanaofanya kazi ya CNA kwa sababu tu barua kutoka baraza la uuguzi la nchi yao haijafuatiliwa.

Halafu kuna vyuo vya njia ya mkato. Januari 2023 mamlaka za Marekani zilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kuhusu vyeti zaidi ya 7,600 vya uuguzi vilivyouzwa na vyuo vitatu vya Florida. Wanunuzi walilipa maelfu ya dola wasome kidogo au wasisome kabisa. Karibu 2,400 kati yao walifaulu NCLEX, na wengi wakaajiriwa. Bodi za majimbo zikaanza kuwasaka na kufuta leseni. Kati ya walionunua walikuwamo wahamiaji waliokuwa tayari LPN au CNA, watu wachapakazi waliochoka kungoja. Kujikinga hakuhitaji wakili: bodi huweka hadharani orodha ya vyuo ilivyoviidhinisha, na nyingi huonyesha pia asilimia ya wahitimu wa kila chuo waliofaulu NCLEX mwaka hadi mwaka. Chuo kilicho chini ya 80 kina maswali ya kujibu. Ithibati ya mashirika kama ACEN au CCNE nayo iangaliwe, maana bila hiyo milango ya BSN na uzamili huwa migumu baadaye.

Lipo pia la nyumbani, hasa kwa wanaume. Simu ya Jumapili inaweza kuuliza kama kweli kijana aliyesomeshwa kwa kuuzwa shamba ameacha benki akaoshe wazee. Wanaume kutoka Kenya, Tanzania na Kongo wapo sasa katika vitengo vya wagonjwa mahututi na dharura za Marekani, na kazi wanayoifanya pale, ya kusoma kifaa cha kupumulia na kumpigia daktari simu saa tisa usiku wakiwa na pendekezo mkononi, inahitaji akili yote waliyoitumia chuoni. Wazazi waelezwe hivyo.

Chukua sasa mtu wa miaka 38, mwenye shahada ya biashara, watoto wawili, mwenza anayefanya kazi ghalani, yeye mwenyewe CNA wa zamu ya jioni. Akianza anatomia Januari na kusoma somo moja au mawili kila muhula, pamoja na muhula wa kiangazi, masomo ya msingi yatamchukua kama mwaka mmoja na nusu, huku akilipwa mshahara wake kamili. Anaomba vyuo vitatu vya jamii. Akipata nafasi, anapunguza kazi hadi wikendi kwa miaka miwili; hiyo ndiyo miaka ambayo familia inapaswa kuiwekea akiba mapema na kuwaambia jamaa nyumbani kwamba fedha zitapungua. Akiwa na miaka 42 anaweza kuwa RN asiye na deni kubwa, na BSN akaimaliza mtandaoni kwa fedha za mwajiri. ABSN ingempa leseni mapema zaidi, ila kwa deni na kwa mwaka mzima bila mshahara wake. Hesabu hiyo kila nyumba iipige yenyewe, kalamu mkononi, mwenza akiwa mezani. Wakati huohuo ajue kwamba madarasa ya jioni ya anatomia hujaa mapema, na kwa muhula wa Januari vyuo vingi hufungua usajili tangu Oktoba au Novemba.